Gemu isiyo na fimbo

*Mbunifu aliyetoka kwenye gemu za mapanga na majumba ya kifalme aligeukia silabi za Kiswahili, na kazi ya studio yake ikashinda Dola milioni 5 baada ya kujaribiwa Tanga. Huku Simiyu, gemu bado ni kesi ya utoro.*

Na Mwandishi Wetu

Bariadi. Kibanda hakina jina. Kina mabati sita, turubai la bluu mbele, benchi mbili, televisheni tatu na kibao kilichoandikwa kwa mkaa: “Mwanafunzi saa za masomo haruhusiwi”. Ni Ijumaa, saa kumi alasiri. Masomo yamekwisha, kwa hiyo sheria ya mkaa haijavunjwa.

Mtoto aliyekaa pembeni mwa benchi bado amevaa shati la shule. Yuko darasa la tatu. Begi amelibana katikati ya magoti, na pedi ya PlayStation 2 ameishika kama fundi cherehani anavyoshika kitambaa: macho yako kwingine, vidole vinajua kazi.

Mechi inasimama. Kwenye kioo inatokea orodha ndefu ya Kiingereza. Mtoto anashuka mistari mitatu, anaingia, anavuka kulia mara mbili, anamtoa mshambuliaji, anaingiza kiungo, anabadili mfumo, anarudi uwanjani. Mpinzani wake, kijana wa bodaboda mwenye ndevu, anaguna tu.

Nikamuuliza yale maneno aliyoyapita yanasemaje. Akacheka.

“Mimi sijui kusoma. Najua pa kwenda.”

Nikaomba kuona daftari lake la Kiswahili. Imla ya maneno kumi, amepata mawili. Kalamu nyekundu imezungushia mengine manane, na chini limeandikwa neno moja: Jitahidi.

Nilitumwa kuandika habari za studio ya gemu, na nikiri kwamba Bariadi si mahali anapotumwa mtu kwa kazi hiyo. Mkoa wa Simiyu, uliozaliwa mwaka 2012 kwa kumegwa kutoka Shinyanga na Mwanza, unajulikana kwa pamba, ng'ombe na barabara ya Lamadi. Kwa wazee wa vijiji vinavyopakana na Pori la Akiba la Maswa, hata neno lenyewe lina maana yake: “gemu” ni askari wa wanyamapori, na ukisikia wanakuja unaswaga mifugo yako haraka.

Lakini ile imla ilinikaa kichwani. Mtoto aliyeshindwa maneno manane ya lugha anayofundishiwa amekariri njia zote za gemu iliyotengenezwa na kampuni ya Konami ya Japan, kwa lugha ambayo hajui hata salamu zake. Hakuna aliyemfundisha. Hakuna aliyemchapa alipokosea. Nikataka kujua kama kuna studio iliyowahi kuugeuza ujanja huo ukafanya kazi ya Kiswahili. Ipo, na kazi yake ilifika Tanzania.

Waliotoka kwenye mapanga

Sooinn Lee alikuwa mbunifu wa gemu Korea Kusini, katika kampuni ya NCSoft ya Seoul. Hiyo ndiyo kampuni iliyotoa Lineage mwaka 1998, gemu ya mapanga na kuteka majumba ya kifalme iliyowajaza vijana wa Korea kwenye vibanda vya intaneti usiku kucha. Kwa maneno mengine, anatoka kwenye shina la jambo lile lile linalowatia wazazi wa Bariadi hofu.

Mumewe, Gunho Lee, ni mhandisi wa programu. Walihamia Marekani, na huko wakapata mtoto mwenye mahitaji maalumu. Mama akaanza kuzikagua programu za kufundishia watoto, akaziona kwa jicho la mtu wa gemu: nyingi zilikuwa daftari la mazoezi lililotiwa rangi. Ukikosea, mlio mbaya. Ukikosea tena, mlio mbaya tena.

Mbunifu wa gemu hafanyi hivyo, maana atafukuzwa kazi. Kazi yake yote ni kumfanya mtu aliyeshindwa mara kumi atamani mara ya kumi na moja. Akikupa kitu kigumu mno, unazima. Akikupa rahisi mno, unazima vilevile. Anapaswa akuweke kwenye ukingo, siku hadi siku, bila wewe kujua kwamba kuna mtu anakupimia.

Mwaka 2012 mume na mke hao walianzisha studio yao huko Berkeley, California. Mwanzo iliitwa LocoMotive Labs, baadaye ikawa Enuma. Kazi iliyowapa jina ni Todo Math, ya hesabu kwa watoto wadogo. Waliweka humo mambo ambayo wengine huyasahau: mpangilio wa kioo kwa mtoto anayetumia mkono wa kushoto, na mwandiko maalumu kwa mtoto ambaye herufi humchanganya machoni.

Halafu likaja shindano.

Vijiji 170 vya Tanga

Septemba 2014 taasisi ya XPRIZE ya Marekani ilitangaza shindano la Dola milioni 15, fedha zilizotolewa na Elon Musk. Sharti lilikuwa kutengeneza programu itakayomwezesha mtoto asiye na shule kujifunza kusoma, kuandika na kuhesabu peke yake, ndani ya miezi 15. Bila mwalimu.

Zile tatu Watanzania tunaziita KKK, na Tanzania ndiko majaribio yalikofanyika. Timu karibu 200 zilijiandikisha. Septemba 2017 zikabaki 5, kila moja ikapewa Dola milioni 1. Enuma ilikuwamo kwa kazi yake iitwayo Kitkit School. Ilikuwamo pia onebillion ya Uingereza, ambayo ilikwisha kufanya kazi Malawi kwa miaka kadhaa.

> Zaidi ya asilimia 90 ya watoto hawakuweza kusoma hata neno moja la Kiswahili. Miezi 15 baadaye, idadi hiyo ilikuwa imepungua kwa nusu.

Tableti za Google zilipelekwa kwa watoto karibu 3,000 katika vijiji 170 vya Mkoa wa Tanga. Unesco, Shirika la Mpango wa Chakula Duniani na Serikali ya Tanzania walishirikiana kusimamia. Kwenye kila kijiji kiliwekwa kituo cha kuchajia kwa umeme wa jua. Programu zote tano zilizungumza Kiswahili na hazikuhitaji intaneti.

Kabla ya tableti kugawiwa, watoto walipimwa. Asilimia 74 walisema hawajawahi kwenda shule. Asilimia 80 hawakuwahi kusomewa kitabu nyumbani. Wasioweza kusoma hata neno moja la Kiswahili walikuwa zaidi ya asilimia 90.

Tusimame hapo kidogo. Huyo mtoto wa Tanga hajawahi kugusa kioo cha tableti. Hajui kwamba kioo huguswa. Hajui alama ya mshale inamaanisha “endelea”, wala msalaba mwekundu unamaanisha “hapana”. Hayo yote ni maandishi, na yeye hasomi. Watengenezaji walilazimika kuanza nyuma ya mahali ambapo gemu zote duniani huanzia. Mtoto wa kibanda cha Bariadi alipita hatua hiyo akiwa na miaka mitano, akichungulia kwenye upenyo wa turubai.

Mei 2019 matokeo yalitangazwa mjini Los Angeles. Zawadi kuu ya Dola milioni 10 iligawanywa sawa kwa sawa kati ya Kitkit School na onebillion. Studio iliyoasisiwa na mbunifu wa gemu ilikuwa imeshinda kwa kufundisha Kiswahili.

Kufa bila kuchapwa

Kwa wachezaji wa gemu, “kufa” ni neno la kawaida. Nimekufa, amekufa, tumekufa wote, anza upya. Keti saa moja kwenye kibanda chochote utasikia vifo hamsini, na hakuna anayelia.

Darasani kukosea kuna bei. Kanuni za viboko shuleni ni za mwaka 1979, zilizorekebishwa baadaye hadi kiwango cha juu cha viboko vinne, navyo vinapaswa kupita kwa mwalimu mkuu na kuandikwa kwenye kitabu. Kila aliyesoma shule ya msingi nchi hii anajua kama kitabu hicho hujazwa. Mtoto akishaonja bei ya kukosea, hujifunza haraka njia moja ya kuikwepa: kutojaribu. Hukaa nyuma, huitikia pamoja na wenzake, husogeza midomo.

Hapo ndipo ninapoiona siri ya Tanga, zaidi ya kwenye kioo na sola. Tableti haichoki. Mtoto akikosea “ba” mara arobaini, mara ya arobaini na moja inamletea “ba” kwa utaratibu uleule, na hakuna mwenzake anayecheka.

Sasa upande wa pili wa hesabu, ambao wenye kushangilia huuruka. Nusu ya wasioweza kusoma neno wamesoma neno, sawa. Nusu nyingine, baada ya miezi 15 ya tableti, sola na fedha zote zile, bado hawakuweza kusoma hata moja. Na kusoma maneno kadhaa si kusoma kitabu. Anayesema tableti zitaziba pengo la walimu vijijini anauza tableti.

Wazazi wana hoja

Malalamiko juu ya vibanda vya gemu Bariadi hayahitaji kutafutwa. Utayasikia sokoni, utayasikia kwenye vikao vya shule. Mtoto anatumwa chumvi, anarudi baada ya saa mbili bila chumvi. Hela ya daftari imegeuka mechi tatu. Msimu wa pamba ukifunguliwa, sarafu zikaanza kuzunguka, benchi za vibanda hivi hujaa.

Na kuna jambo baya zaidi linalochanganywa na gemu: dubwi. Hizi ni zile mashine za kutumbukiza sarafu zinazowaka taa na kupiga mlio. Sheria ya Michezo ya Kubahatisha ya mwaka 2003 inamkataza aliye chini ya miaka 18 kucheza, na Bodi ya Michezo ya Kubahatisha ipo kwa kazi hiyo. Lakini mashine haiulizi umri, na isipokuwapo macho ya mtu mzima, sarafu ya mtoto huingia kama nyingine yoyote.

Kwa mzazi anayepita barabarani, kibanda cha PlayStation na banda la dubwi ni kitu kimoja: giza, kelele, watoto, sarafu. Mimi nasema si kitu kimoja. Kwenye gemu ya mpira mtoto akicheza mechi mia anakuwa hodari. Kwenye dubwi akicheza mara mia anakuwa maskini, kwa sababu mashine imepangwa hivyo kabla hajafika. Tofauti hiyo ni kubwa, ila siwalaumu wasioiona. Kiswahili chenyewe kimetubana: mpira ni mchezo, bao ni mchezo, kamari ni mchezo wa kubahatisha, PlayStation ni mchezo, na upatu wa kina mama nao ni mchezo. Mwenyekiti wa mtaa akisema “michezo imezidi”, hujui afunge nini.

> Kwenye gemu ya mpira, mechi mia humfanya mtoto hodari. Kwenye dubwi, mara mia humfanya maskini.

Wenye vibanda nao wana lao. Umeme wa luku, televisheni za mtumba, pedi zinazokufa vitufe kila mwezi. Wanasema heri mtoto awe mbele ya televisheni kuliko kwenye vijiwe. Hoja hiyo ni nusu kweli. Kibanda hakimzuii mtoto kwenda kijiweni. Mara nyingine kibanda ndicho kijiwe.

Kiswahili cha shuleni, Kisukuma cha nyumbani

Kazi ya Tanga ilikuwa ya Kiswahili, na mtoto wa pwani anakisikia tangu mgongoni kwa mama. Simiyu ni habari nyingine. Toka mjini uelekee Itilima au Meatu, utaamkiwa “mwangaluka” asubuhi, na mtoto wa miaka sita anayekuitikia anaweza kuwa hana maneno mia ya Kiswahili.

Serikali inalijua hilo. Mpango wa EQUIP-Tanzania, uliofadhiliwa na Uingereza kuanzia mwaka 2014, uliuingiza Mkoa wa Simiyu miongoni mwa mikoa yake ya mwanzo. Ndani yake kulikuwa na madarasa ya utayari wa kuanza shule: majuma kadhaa ya hadithi, nyimbo na michezo, yakiongozwa na kijana wa kijijini aliyepewa mafunzo, ili mtoto aliyekulia kwenye lugha nyingine aingie darasa la kwanza akiwa na Kiswahili cha kuombea ruhusa ya kwenda chooni. Hakukuwa na kioo hata kimoja. Kulikuwa na mkeka na kitabu cha hadithi, na siri ilikuwa ileile ya Tanga: mtoto alipewa nafasi ya kukosea kabla ya kuanza kupewa alama.

Studio yoyote itakayotaka kuleta gemu ya kusoma huku itakutana na jambo dogo lenye uzito. Kiswahili kina irabu tano. Kisukuma kina saba. Mtoto wa Bariadi anaingia darasani masikio yake yakiwa na sauti mbili zaidi ya ubao, na herufi za kuziandika hazimo kwenye kitabu chake. Sauti ya tableti iliyorekodiwa kwa lafudhi ya mbali itamwambia “umekosea” kwa jambo ambalo hakulikosea.

Walimu niliozungumza nao hawaipingi teknolojia. Wanachouliza ni cha kawaida: nani atachaji, nani atalinda usiku, nani atalipa kioo kikipasuka? Mkoa ulikuwa na watu 1,584,157 kwenye sensa ya 2012, na sensa ya 2022 ikahesabu 2,140,497. Ongezeko hilo ndilo linalobanana kwenye madawati. Ukiwa na darasa lililofurika hadi dirishani, tableti kumi ni ugomvi mtupu.

Malawi wamejaribu kulijibu swali hilo kwa njia yao. Kazi ya onebillion ilianzia kwenye shule ya msingi moja mjini Lilongwe, ikapimwa na watafiti wa Chuo Kikuu cha Nottingham, na kuanzia mwaka 2022 Serikali ya nchi hiyo ikaanza mpango wa kuisambaza kwa watoto wa madarasa ya chini nchini kote. Huko tableti hazipelekwi nyumbani. Zinakaa shuleni, mwalimu yupo, watoto wanapishana. Yaani waliondoa sharti lile la XPRIZE la “bila mwalimu”, na kwa maoni yangu ndilo lililostahili kuondolewa.

Majirani walivyojaribu

Wengine hawakungoja zawadi ya tajiri. Nairobi, kijana Wesley Kirinya alitoa mwaka 2007 gemu ya The Adventures of Nyangi, ya msichana anayetafuta vitu vya kale vya Kiafrika. Inatajwa miongoni mwa gemu za kwanza za pande tatu kutengenezwa Afrika. Miaka miwili baadaye aliungana na Eyram Tawia wa Ghana wakaanzisha studio iliyokuja kuitwa Leti Arts, yenye mguu mmoja Nairobi na mwingine Accra. Wao walichimba ngano: buibui Ananse, Shaka, mashujaa wa kale wakirudishwa kwenye miji ya leo.

Mwenzao wa Nairobi, Andrew Kaggia, alianza na katuni. Kazi yake Wageuzi iliwageuza wanasiasa wa Kenya kuwa mashine za chuma zinazopigania urais. Mwaka 2015 akatoa gemu ya Nairobi X, viumbe wa anga za juu wanapovamia jiji. Ukiitazama unaona majengo unayoyajua yakishambuliwa, na kuna raha ya ajabu katika hilo. Mtoto wa Bariadi amekwisha kufunga mabao katika viwanja vyote vya Ulaya, na hajawahi kuona gemu yenye barabara anayoijua.

Lakini aliyenigusa zaidi ni Lual Mayen. Familia yake ilikimbia vita katika eneo ambalo sasa ni Sudan Kusini, akakulia kambi ya wakimbizi kaskazini mwa Uganda. Mama yake aliweka akiba kwa miaka mitatu, akafikisha Dola 300, akamnunulia kompyuta. Kambini hakukuwa na umeme. Mayen alikuwa akitembea saa tatu kwenda kuichaji, na saa tatu kurudi.

Kwa kompyuta hiyo akajifundisha kutengeneza gemu, akabuni Salaam, ambayo mchezaji wake ni mkimbizi anayekimbia na hapigi risasi hata moja. Baadaye akahamia Washington, na studio yake inaitwa Junub Games. Desemba 2018 alitunukiwa kwenye hafla kubwa ya The Game Awards.

Saa tatu za kwenda na tatu za kurudi. Mama wa Simiyu anayeuza mbuzi ili mtoto aende sekondari ataelewa habari hii upesi kuliko mwekezaji yeyote.

Kinachowaangusha wengi wa watengenezaji hawa ni kulipwa. Gemu ikiuzwa kwa kadi ya benki, mteja mwenye M-Pesa tu anabaki nje. Ikitolewa bure, studio inaishi kwa matangazo yasiyolipa au kwa kazi za mashirika: gemu ya kunawa mikono, gemu ya malaria. Kazi nzuri, lakini mteja ni mfadhili, na mfadhili hachezi gemu.

Gemu iliyopo tayari uwanjani

Nikiwa njiani kwenda Nyakabindi, kwenye viwanja vilivyofanyiwa Nane Nane ya kitaifa, nilijiuliza studio ya Simiyu ingetengeneza nini. Jibu halihitaji kwenda mbali. Mavuno yakiisha, Wasukuma huingia kwenye mbina.

Kuna pande mbili, Bagika na Bagalu, kila moja ikijinasibu na mwasisi wake wa karne ya 19: Ngika na Gumha. Makundi mawili hucheza kwa wakati mmoja, uwanja mmoja, kila moja na ngoma yake, mavazi yake, vituko vyake na dawa zake za kuvuta watu. Mshindi hapatikani kwa waamuzi wa mezani. Umati ndio unaohesabu, kwa miguu: watu wakikuhama wakaenda kwa jirani, umeshindwa. Ndiyo maana kuna wanaocheza na chatu. Mwezi Juni, kule Bujora nje ya Mwanza, kwenye kituo kilichoanzishwa na Padri David Clement, tamasha la Bulabo huwaleta pande hizo mbili mbele ya maelfu.

Mtu wa gemu akiitazama mbina anaona kanuni zilizokwisha kukamilika. Pande mbili, alama zinazohama papo hapo, silaha za siri, na hatari ya kutumia kituko chako kikubwa mapema mno. Wasukuma wameicheza zaidi ya miaka mia bila kuhitaji luku.

Pia kuna isolo, bao la Kisukuma, ambalo wanaume, wanawake na wavulana huwa na namna zao za kulicheza. Mzee anayesogeza kete akiwa amehesabu mizunguko mitatu mbele hajawahi kuambiwa anapoteza muda.

Mlango uliosahauliwa

Masharti ya XPRIZE yalikuwa na kipengele ambacho hapa kwetu hakikupigiwa kelele. Wote watano waliofika fainali walitakiwa kuacha kazi zao wazi kwa leseni huria. Misimbo ya programu, michoro, sauti za Kiswahili, vyote vinaruhusiwa kuchukuliwa na kubadilishwa na yeyote duniani.

Maana yake kisheria ni hii: kijana wa Maswa mwenye kompyuta anaweza kuichukua Kitkit School, akaitia sauti ya mwalimu wa Kisukuma, akaweka ng'ombe mahali pa mnyama asiyejulikana huku, na hadaiwi ruhusa wala senti. Vijana wa Maswa ndio hao waliothubutu kuanzisha kiwanda cha chaki na kuziuza kwenye shule za mikoa mingine, kwa hiyo soko la darasa wanalijua mlango wake.

Kazi si ndogo. Msimbo wa mtu mwingine ni kama shamba la marehemu: mipaka unaitafuta kwa kujikwaa. Tableti za wakati ule hazitengenezwi tena. Na lazima awepo wa kumlipa kijana huyo miezi anayohangaika, maana leseni huria hailipi kodi ya chumba.

Nilirudi kwenye kile kibanda Jumamosi jioni, kuaga. Mtoto alikuwepo, leo bila shati la shule. Safari hii alikuwa kwenye sehemu ya kutengeneza mchezaji wako mwenyewe: unamchagulia urefu, rangi ya viatu, nywele, kisha kinakuja kisanduku cha jina na herufi zimepangwa kama madawati.

Alikuwa anaandika jina la ukoo wake. Alikwenda polepole, ulimi umetoka kidogo pembeni ya mdomo. N. Akatafuta. G. Halafu akasimama. Majina mengi ya huku yana ile alama juu, baada ya Ng, inayotenganisha sauti moja na nyingine, na bila hiyo jina si lake.

Akapita safu ya juu, akapita ya chini, akafungua ukurasa wa pili wa alama, akarudi. Kijana wa bodaboda akamwambia aache, aandike hivyohivyo, muda unakwenda. Mwenye kibanda akagonga meza kwa funguo.

Mtoto akanigeukia. “Ile ya juu,” akasema, akichora hewani kwa kidole, “wameiweka wapi?”